Tuzime mashine au tuiache ingurume?

Kwenye boti yetu ya fiba kuna ugomvi mmoja hauishi. Tunatoka Kunduchi saa kumi na moja alfajiri watu wanne marafiki kabisa, tukirudi mchana ndoo tupu lazima mmoja aseme "mi niliwaambia, mashine ile inafukuza samaki", mwingine atamjibu mashine haijawahi kufukuza samaki tangu dunia iumbwe, chambo chako ndo kilikuwa kimeoza, basi hapo maneno yanaanza mpaka tunafika ufukweni. Mi nimeshakaa pande zote mbili za huu ubishi, siku nikipata changu wanne watano nasema mashine haina neno, siku nikikosa naitupia lawama zote, tena lawama nzito. Sasa nimeamua nilikalie hili jambo kwa akili ya mtu aliyeshiba, siyo kwa hasira za mtu anayepitia soko la Feri kununua samaki ili asidhalilike nyumbani.

Kwanza tuondoe ubishi wa kitoto, eti samaki hasikii. Siku ukipika supu ya kichwa cha changu au chewa, ukimaliza kula usikitupe kichwa, kivunje taratibu kwa nyuma ya macho utakuta vijiwe viwili vyeupe, vigumu kama kipande cha kikombe, sisi utotoni tulikuwa tunavikusanya na kuchezea. Hivyo ndo vijiwe vya sikio lenyewe. Mwili wa samaki una uzito unaokaribiana na maji, kwa hiyo sauti ikipita majini samaki mzima anatikisika pamoja na maji, lakini kile kijiwe ni kizito, kinachelewa kidogo, na kule kuchelewa kunapinda vinyweleo vidogo sana vilivyo chini yake na samaki anajua kuna jambo. Juu ya hapo ana ule mstari wa ubavuni, kutoka nyuma ya shavu mpaka mkiani, unaohisi maji yakisukumwa karibu yake. Na maji yenyewe yanasaidia sana, maana hewani sauti inakimbia kama mita 340 kwa sekunde, majini ni kama 1,500. Kwa hiyo mashine yako ya nguvu za farasi 40 inasikika chini huko, hilo halina mjadala.

Ila hawasikii sawa. Ndugu zetu wa Mwanza wanalijua bondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwa samaki, kwa bei yake, lile la sangara linalokaushwa na kusafirishwa mpaka China, lakini samaki mwenyewe hakupewa bondo ili auzwe. Linamsaidia kuelea, na kwa samaki wengi linamsaidia kusikia pia, maana lina hewa ndani na hewa inabonyea sauti ikipita, kama ngozi ya ngoma. Jodari yule mwenye mapezi ya njano analo, sehewa hana, na walipopimwa ikaonekana jodari anasikia vizuri kumzidi sehewa ingawa ukiwaweka mezani ni ndugu wa ukoo mmoja. Alafu kuna kambare, huyu ndo balaa, ana vijifupa vidogo vimepangana kutoka kwenye bondo mpaka sikioni, anasikia sauti ndogo na nyembamba ambazo changu hana habari nazo. Kwa hiyo mtu anayevua kambare mtoni akikutana na mtu anayevua sehewa huko nje wakabishana kuhusu kelele wanaweza kupigana ngumi na wote wawili wako sahihi.

Na hapa niwatetee wapiga soga. Kwenye kila boti kuna nahodha anayewanyamazisha watu, "shhh mnafukuza samaki". Sauti ya mdomoni ikigonga uso wa maji karibu yote inarudi juu, hivyo ongeeni, chekeni, wekeni taarabu. Lakini ukidondosha chubwi la nusu kilo kwenye sakafu ya fiba, au ukiburuta cheni ya nanga ubavuni mwa boti, hiyo haipiti hewani, inaingia majini moja kwa moja, na boti nzima inageuka ngoma. Nimeshaona mtu anayekataza wenzake kuongea huku yeye mwenyewe anatupa nanga kama anatupa gunia la mkaa.

Tuje kwenye swali lenyewe sasa. Kusikia siyo kuogopa, na kuogopa siyo kukataa kula, haya ni mambo matatu na sisi tunayafunga kwenye kapu moja. Mwaka 2008 watafiti wa Canada walichapisha kazi yao kuhusu samaki wa maji baridi anaitwa bass, yule ambaye Marekani na Canada kumvua ni kama dini, wakamfunga kifaa cha kupima moyo unavyosukuma damu, wakamsikilizisha kelele za aina tatu: kasia la mtumbwi, mota ndogo ya umeme, na mashine ya petroli ya 9.9. Moyo ulienda mbio kwa zote tatu. Hata kasia! Tofauti ilikuwa kwenye ukubwa wa mshtuko na muda wa kutulia, kwa kasia samaki alirudi hali yake kwa kama dakika 15, kwa mota ya umeme kama 25, kwa petroli kama 40. Wale wanaosema samaki hajali kabisa hapo wameshindwa, na wale wanaosema piga kasia uko salama nao wameshindwa kidogo.

Lakini moyo kwenda mbio tafsiri yake nini? Mi moyo hunienda mbio nikimwona bosi anakuja upande wangu, ila chakula cha mchana nakula, tena chote. Pale hawakupima kama samaki anauma ndoana au haumi, walipima moyo. Ndo maana naikubali ile kazi lakini sikubali mtu ainue dakika 40 kama fimbo ya kunichapia.

Nieleze siku moja ambayo imenibadilisha mawazo kuliko vyote hivyo. Ilikuwa kaskazi inaelekea kuisha, bahari shwari, tumetia nanga nje ya kisiwa cha Mbudya kwenye kina cha pima kumi hivi, kama mita kumi na nane, mashine imezimwa zaidi ya nusu saa na samaki wanakula vizuri. Wanaovua kwa mshipi wa mkono wanajua ile raha, mshipi umepita juu ya kidole cha shahada, unasikia tu-tu, tu-tu, samaki anadonoa, unangoja, alafu ule mvuto mmoja mrefu unaokuamsha mpaka kwenye bega. Kwa mbali upande wa nje ikapita ile boti kubwa ya abiria iendayo Unguja, mngurumo wake ukaanza mdogo, ukakua, mpaka fiba yetu ukiweka kiganja sakafuni unahisi inatetema, ukapungua, ukaisha. Muda wote ule tu-tu haikukatika, mwenzangu alipandisha tasi mkubwa boti ikiwa inapita. Haikupita dakika kumi ikaja fiba ya kupeleka watu kisiwani, mashine mbili nyuma, mbio, na ilipotukaribia nahodha akakata moto ghafla, gia ikalia ko!, akarudi nyuma kwa rivasi, povu likapiga chini, akatukaribia mita kama kumi. Unajua alitaka nini? Kiberiti. Tukampa kiberiti, akawasha sigara yake, akaingiza gia, ko! tena, akaondoka kwa moto wote.

Mshipi ukafa. Siyo kwamba ulipungua, ulikufa, kama umeutia kwenye ndoo ya maji. Tulikaa dakika ishirini na kitu mimi nimeangalia saa, hakuna hata mdonoo, alafu wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwanza wadogo.

Sasa ukipima kwa ukubwa wa kelele, ile boti ya Unguja ni kubwa mara ngapi sijui. Lakini ilikuja polepole na ikaondoka polepole. Hii ya kiberiti ilikuwa na kelele zinazovunjika vunjika, juu, chini, kimya, ko, juu tena. Hapo ndo nilipo mimi sasa hivi kwenye huu ubishi, naamini kinachomtoa samaki ni kelele kubadilika ghafla akiwa karibu. Ni kama jenereta la jirani, likishawaka saa nzima umelala fofofo, likizimika ndo unashtuka.

Najua kuna atakayeniletea jodari wa Italia. Kule Sicily, kisiwa cha Favignana, kwenye mtego wa jadi wa kunasia jodari, watafiti walirekodi tabia za samaki boti zikipita na wakachapisha mwaka 2007: kundi la jodari lilikuwa linaogelea kwa mpangilio, boti ikipita mpangilio unavunjika, wengine wanageuza njia, wengine wanapanda juu, wengine wanashuka chini. Na kwao hata meli za abiria zilikuwa zinavuruga, tofauti na niliyoyaona mimi. Sawa, sikatai. Lakini wale ni samaki walioshikiliwa ndani ya nyavu, hawana pa kwenda, na changu wangu wako kwenye mwamba wao wana mashimo ya kuingia na hawajaingia. Nalichukua kama onyo tu, kwamba samaki wa kundi kubwa la wazi siyo sawa na samaki wa mwambani.

Ukitaka ushahidi wa kibongo kabisa waangalie wavuvi wanaotumia woga wa samaki kama zana ya kazi. Ziwani kuna katuli, watu wanazungusha nyavu alafu wanapiga maji, pa! pa! pa!, sato wanakimbilia nyavuni. Huku pwani kuna kigumi, wanapiga chini kwa miti mpaka matumbawe yanavunjika ili samaki watoke. Uvuvi wa hovyo na sina la kuutetea, unaharibu mazalia, lakini angalia wanachofanya. Wanapiga, wananyamaza, wanapiga. Hakuna mvuvi wa katuli aliyewahi kuwasha mashine akaiacha ingurume polepole pembeni akitegemea sato watashtuka. Wanajua haitafanya kazi, na wale wanaishi kwa kujua samaki anaogopa nini.

Upande wa pili kabisa waangalie wanaorambaza. Mkondo wa Pemba, kati ya Shimoni na Pemba, au huko nje ya Mafia, mtu anakwenda spidi ya noti sita saba na mashine zinanguruma kutwa nzima, anaburuta chambo bandia mita kumi na tano, ishirini, thelathini nyuma ya propela, na nguru anakuja, jodari anakuja, fulusi anakuja, wengine wanachukua ile kamba fupi kabisa iliyo ndani ya povu la mashine. Kama mashine inafukuza samaki hawa wametoka wapi? Wamepitia wapi? Na manahodha wa kurambaza wana sheria zao ambazo zote ukiziangalia zinasema kitu kile kile: shika spidi moja, usichezee moto, ukiona ndege wanapiga maji juu ya kundi usilikate katikati, lizunguke pembeni, ukilipita juu linazama na hulioni tena. Na samaki akinasa usikimbilie kuzima, wengi wanaacha boti iende kidogo maana mwenzake anaweza kuchukua kamba nyingine. Hakuna anayesema punguza kelele.

Maldives ndo kiboko. Wale wanavua jodari wadogo kwa fimbo na ndoana isiyo na kikwachu, kile kijimwiba cha kuzuia samaki asichomoke, mmoja mmoja, na mpaka miaka ya mwanzo ya 70 walikuwa wanatumia tanga na makasia. Mwaka 1974 wakaanza kufunga injini kwenye zile boti zao za dhoni. Kwa hesabu za watu wa "mashine inafukuza" uvuvi wao ulitakiwa kufa mwaka ule ule. Badala yake ulikua, wanafika mbali, wanafika haraka, wanamwaga chambo hai na kurusha maji juu ya bahari ili ionekane kama dagaa wanarukaruka, na samaki wanakula nyuma ya boti yenye injini. Chambo hai kilishinda kelele.

Kuna kitu kingine hapa kinachonivutia na nadhani hakisemwi vya kutosha. Sisi tukisema "samaki" tunamfikiria yule tunayemtaka tu, lakini chini kule kuna anayekula na anayeliwa, na kelele haziwagusi sawa. Mwaka 2016 zilitoka habari za utafiti uliofanyika kisiwa cha Lizard, Australia, kwenye yale matumbawe makubwa, waliwaweka visamaki vidogo vya mwambani pamoja na samaki mdogo mlaji anayewawinda, boti za mashine zikizunguka karibu visamaki vilichanganyikiwa, vikachelewa kukimbia, na walioliwa walikuwa zaidi ya mara mbili ya wakati wa kimya. Yaani mlaji alifaidika na kelele! Mi sisemi nguru wa kisiwa cha Latham anafikiri hivyo, yule mlaji wa Lizard ni samaki wa kukaa kiganjani. Lakini inanipa wazo kwa nini anayerambaza hapati hasara, kama vidagaa vinashtuka na kuvunjika kundi boti ikipita, aliyekuwa anavinyemelea kwa chini amepata nafasi yake, na chambo chako kinapita hapo hapo kikionekana kama kidagaa kimoja kilichopotea.

Watafiti hao hao, au wengi wao ni wale wale, miaka miwili baadaye wakalinganisha mashine za tustroku na fostroku. Visamaki vilivyosikia tustroku vilishindwa kusoma hatari vizuri, vilivyosikia fostroku vilikuwa karibu na kawaida yao. Hii imeniuma kidogo maana sisi mashine yetu ni tustroku, ile ya kuchanganya oili na petroli, ya moshi wa bluu, ukiiwasha alfajiri Kunduchi nzima inajua umetoka. Lakini fostroku bei yake unaijua, na fundi wa kuigusa ikikugomea huko nje unampata wapi, tustroku hata mvulana wa pale ufukweni ataifungua kwa spana mbili. Kwa hiyo mpaka nitakapookota pesa nitaendelea kuvua na kelele zangu. Kwa bei nafuu zaidi angalia propela. Jino likipinda au likimeguka kwenye mwamba, inaanza kuchemsha maji vibaya, vipovu vinapasuka vingi, na mlio wake chini unabadilika kuwa wa kukwaruza. Unaweza kuipeleka ikanyooshwa kwa hela ya kawaida tu na utaokoa na mafuta.

Anayeamini kimya ndo dawa ya kila kitu namkumbusha Wanorwei. Wale wamefika na meli zao za utafiti mpaka huku kwetu, Dr Fridtjof Nansen ilipima samaki wa Tanzania tangu mwaka 1982, na kwa wapimaji samaki kelele ni jambo zito maana samaki akikimbia meli hesabu zinakuwa za uongo. Kwa hiyo wakatengeneza meli ya kimya, G.O. Sars, kwa gharama kubwa, wakaipitisha juu ya kundi la samaki anaitwa hering, wakailinganisha na meli yao ya kawaida yenye kelele. Samaki wakaikimbia zaidi ile ya kimya! Walichapisha wenyewe mwaka 2007, bila kuficha, na mi nawaheshimu kwa hilo. Maana yake kuna vitu vingine zaidi ya mngurumo vinavyomwambia samaki kuna chuma kinakuja juu yake, maji yanavyosukumwa na tumbo la meli, au labda kelele kidogo inamsaidia kujua mapema kitu kiko wapi na kinaelekea wapi, wakati kinachokuja kimya kinamkuta tayari kimemfikia. Hilo la mwisho ni langu mimi, msimtupie Mnorwei.

Na mazoea yana nafasi yake. Nenda Malindi au Watamu, kule Kenya, kwenye zile hifadhi za bahari, ziko tangu 1968, panda boti ya kioo, samaki wanaisikia mashine wanakuja wenyewe, wamezoeshwa mikate na watalii miaka na miaka. Kwao ule mngurumo ni kengele ya chakula. Samaki yule yule mahali anapopigwa mshipi kila siku mashine ina maana nyingine.

Basi ukiniuliza leo tuzime au tuache ingurume nitakuuliza kwanza unavua nini na wapi. Kwenye maji ya pima tatu nne, maji maangavu, mchana, unamtafuta changu aliyekaa sehemu moja: punguza moto mapema, mita mia nzima kabla, zima juu ya mkondo na uache maji yakupeleke, shusha nanga kwa mkono, cheni yote, usiitupe, alafu kaa. Kwenye pima thelathini sioni sababu ya kujitesa. Unarambaza, funga spidi yako na uisahau. Usiku na taa ni jambo jingine, pale hata jenereta linanguruma kwenye boti na dagaa wanakuja, mwanga umeshawashinda.

Neno gumu kwenye yote hayo ni "kaa". Ndo nililojifunza kwa babu mmoja wa ngalawa. Huyu tunamkuta mara nyingi upande ule wa Mbudya, tanga lake limeshonwa kwa vitambaa vya rangi tatu, na kila tukimpita ana samaki kuliko sisi. Kwenye boti yetu yeye ndo ushahidi namba moja wa wanaopinga mashine, "si unaona, babu hana mashine na anapata". Mi nilikuwa naukubali ule ushahidi mpaka nilipoanza kuangalia tofauti nyingine kati yetu na yeye. Babu chambo chake ni ngisi wa asubuhi ile ile, sisi wa friji. Babu anaujua ule mwamba kama anavyoujua uwanja wa nyumba yake, anapanga mnazi fulani na bati fulani la nchi kavu na akishapata alama zake hatoki mpaka maji yageuke. Sisi tukikaa dakika kumi na tano bila mdonoo mtu anasema twende kule, tunawasha, tunakwenda, tunazima, dakika kumi, twende kule. Ukimlinganisha yeye na sisi siyo tanga na mashine tu unazolinganisha.

Juzi tukasogea kwake, tumezima mbali safari hii, tunapiga kasia. Nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu. Leo mmekuja kistaarabu."

"Babu tuambie ukweli, hizi mashine zetu zinakufukuzia samaki?"

Akavuta mshipi kidogo, akaulegeza, hata hakutuangalia. "Mashine mi nimezizoea na wao wamezizoea. Ila nyie mnakuja mnaondoka, mnakuja mnaondoka, hata mimi mnanichosha."

Mwenzetu mmoja, yule yule wa "mi niliwaambia", akaanza kuhesabu kwa vidole tangu tutoke Kunduchi. Tulikuwa tumewasha mashine mara kumi na moja, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.